Mwekezaji anataka 40, binamu ana 50: mimi nabaki na nini?

Kwako Mjomba,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Nina miaka 29, naishi Nyalenda, na kazi yangu ni barafu. Nakodisha maboksi ya kuhifadhia samaki kwa akina mama wanaonunua ngege na mbuta Dunga na fuo za jirani. Mama anachukua boksi lenye barafu saa kumi na moja alfajiri, analirudisha jioni, analipa shilingi 150 kwa siku kwenye tili ya M-Pesa. Nilianza Februari mwaka jana na maboksi 9. Leo ninayo 60 na friza tatu, na siku nyingi maboksi yote yameshatoka kabla jua halijachomoza. Mwezi wa siku 26 unaniingizia 234,000. Nikilipa stima, kodi ya banda, vijana wawili na mkokoteni, zinabaki kama 50,000.

Kampuni tuliisajili mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi. Tulikaa usiku mmoja kwenye eCitizen, tukagawana hisa nusu kwa nusu huku tunacheka. Yeye alitoa 180,000 za friza ya kwanza na akatengeneza apu ya kuagizia maboksi. Baada ya miezi minane akapata kazi ya benki Nairobi. Tangu Oktoba mwaka jana hajakanyaga Dunga. Apu ikikwama nampigia, na akipata nafasi anairekebisha usiku. Simlaumu, mshahara ni mshahara.

Mwaka huu niliingia shindano la kuwasilisha biashara mbele ya wawekezaji. Wawili wakanifuata. Wa kwanza ni mfuko wa uwekezaji. Walinisikiliza dakika arobaini, wakaniuliza soko lote lina ukubwa gani, wakaomba CR12, ile hati ya serikali ya wenye kampuni, kisha wakaniandikia: "Tumeipenda sana kazi yako, ila kwetu bado ni mapema. Tuendelee kuwasiliana." Wa pili ni mzee mmoja wa Nairobi aliyestaafu, ana pesa zake mwenyewe. Anatoa milioni tatu kwa asilimia 40. Anataka awe mkurugenzi, na matumizi yoyote yanayozidi 50,000 yasipite bila sahihi yake. Amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Niwe mkweli kwa jambo moja. Kwenye slaidi niliandika kwamba apu ina watumiaji 140. Hao 140 ndio waliojisajili. Wanaoitumia hasa ni 11. Wengine wananiflashi, nawapigia, naandika kwenye daftari.

Juzi shangazi amenipigia: "Nasikia unataka kumnyang'anya mwanangu kampuni." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote neno kama hilo. Nilikuwa nimemuuliza binamu tu kama tunaweza kuzungumza kuhusu hisa.

Mjomba, nichukue hizo milioni tatu? Na ule mfuko uliona kasoro gani?

Binti wa Barafu, Kisumu

---

Binti wa Barafu, mpwa wangu,

Umeniuliza kuhusu mzee wa milioni tatu na kuhusu mfuko. Hukuniuliza kuhusu binamu yako, ila umemwandikia aya mbili na kuniletea hadi simu ya mama yake. Naanza huko.

Hata ukiamua leo usiku kuchukua hizo milioni tatu, kesho huwezi. Kampuni ina wakurugenzi wawili na wanahisa wawili, kila mmoja nusu. Hakuna uamuzi wa maana utakaopita kama mmoja wenu hataki. Kutoa hisa mpya kunahitaji sahihi ya mtu aliye kwenye dawati la benki Nairobi, ambaye mama yake ameshaamini unamnyang'anya. Mfuko ulipoomba CR12 ulikuwa unatafuta jambo hilihili. Karatasi ile inaorodhesha wakurugenzi na wanahisa, na mtu aliyesoma CR12 nyingi huiona hadithi yako kwa sekunde tano: wawili, nusu kwa nusu, mmoja hayupo. Hatakwambia, maana hakuna anayetaka kuingia kwenye mambo ya ukoo wa mtu. Atakuandikia kwamba ni mapema.

Nakuambia haya kwa uchungu wa mtu aliyeungua. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Kakamega na rafiki yangu wa utotoni. Nusu kwa nusu, kwa mdomo. Aliposafiri nikaliendesha miaka mitatu. Aliporudi akataka nusu yake, na hakuwa mwongo, tulikubaliana hivyo kweli. Tuligawana rafu na nati hadi ya mwisho. Hatujazungumza tangu hapo, na yeye anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu.

Kampuni changa kote duniani zimetafutia ugonjwa huu dawa, nayo ni kwamba hisa za mwanzilishi hukomaa kidogo kidogo kadiri anavyokaa kazini. Kawaida ni miaka minne, na mwaka wa kwanza ni wa kungoja: ukiondoka kabla haujatimia, unaondoka mikono mitupu. Baada ya hapo unakomaza kila mwezi. Nyinyi hamkuandika hivyo, kwa hiyo huwezi kumlazimisha, lakini unaweza kuitumia kama kipimo cha haki mkiketi. Binamu yako alifanya kazi miezi minane kati ya arobaini na minane. Kwa kipimo kikali cha mwaka wa kungoja hana kitu. Mimi singetumia kikali. Miezi minane kati ya 48 ya ile nusu yake ni kama asilimia 8 ya kampuni. Halafu kuna 180,000 alizotoa. Hizo ni pesa, si jasho, na bila hizo friza ya kwanza isingekuwepo. Ama umrudishie taratibu kwa maandishi, ama umwongezee hisa kidogo. Mkifika 10 au hata 12, na deni likafutika, mmepatana vizuri. Na kama anaendelea kushika apu usiku, mlipe kwa saa, mwezi kwa mwezi, msichanganye na hisa.

Hisa zikihama, kuna fomu ya kuhamisha, kuna ushuru wa stempu wa KRA, na daftari la wanahisa linabadilishwa. Hapo tafuta wakili, na umwombe awaandikie pia mkataba wa wanahisa wenye kipengele cha kukomaa, wewe ukiwemo. Ndiyo, hata wewe. Mwekezaji makini ataidai, na ni afadhali uiweke mwenyewe.

Sasa mzee wa Nairobi.

Asilimia 40 ina maana gani? Tuchukulie hujagusa hisa za binamu. Mzee anaingia na 40, wewe na binamu mnabaki na 30 kila mmoja. Mwaka ujao mambo yamekwenda vizuri, anakuja mwekezaji mwingine anachukua asilimia 20. Hisa huzimuliwa kama uji unavyoongezwa maji: wewe 24, binamu 24, mzee 32, mgeni 20. Mgeni huyo karibu kila mara hudai itengwe asilimia 10 ya wafanyakazi watakaoajiriwa. Sasa wewe unayeamka saa tisa usiku una 21.6, binamu aliye benki ana 21.6, mzee ana 28.8. Mwenye kampuni ni nani hapo? Mgeni atajiuliza swali hilohilo kabla hujafika mahali pa kumjibu. Atajiambia kwamba msichana huyu akipata kazi nzuri ataondoka, kwa sababu hana cha kubakia.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mzee analijua na wewe hulijui. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inasema azimio maalum, lile la kubadilisha katiba ya kampuni kwa mfano, linahitaji angalau asilimia 75 ya kura. Maana yake yeyote mwenye zaidi ya robo anaweza kuzuia. Mzee akiwa na 40 anazuia, binamu akiwa na 30 anazuia, na wewe pia. Kampuni ya mikokoteni na maboksi 60 yenye watu watatu wenye breki, wote wameshika!

Na hiyo sahihi ya matumizi yanayozidi 50,000. Friza ikifa Jumamosi usiku, na Jumapili alfajiri kuna mbuta wa akina mama sitini, utamtafuta kwenye uwanja wa gofu? Mwekezaji wa mapema ana haki ya kuulizwa mambo makubwa: kuuza kampuni, kukopa mkopo mzito, kutoa hisa mpya, kujipandishia mshahara. Kununua kompresa si jambo la mwanahisa.

Ili usidhani nakutisha, linganisha. Mwaka 2004 mwekezaji Peter Thiel alitoa dola 500,000 kwa Facebook, akapata asilimia 10.2. Y Combinator ya Marekani, inayokuza kampuni changa, iliyoanza mwaka 2005 na inayotazamwa na ulimwengu mzima katika kazi hii, huipa kila kampuni inayoikubali dola 500,000: 125,000 kati ya hizo kwa asilimia 7, na 375,000 zilizobaki kwa hati ambayo baadaye itachukua masharti bora atakayopewa mwekezaji mwingine. Sisemi wewe ni Facebook. Nasema hata wenye nguvu ya kukamua hawakamui 40 mwanzoni, kwa sababu wanajua ng'ombe atakufa. Mzunguko wa kwanza wa kuchangisha mtaji kwa kawaida huondoa kati ya asilimia 10 na 20. Milioni tatu kwa asilimia 15 inamaanisha kampuni baada ya pesa kuingia ina thamani ya milioni 20. Kwa 20, ni milioni 15. Kwa 40, ni milioni saba na nusu. Mauzo yako ya mwaka ni kama milioni 2.8. Mimi ningekaa kati ya 15 na 20 na nisisogee.

Mwambie pia mnaweza kutumia SAFE, akiwa haijui. Ni hati iliyotoka Y Combinator mwaka 2013, ikaboreshwa 2018, na sasa imeenea hadi huku kwetu. Si mkopo, haina riba wala tarehe ya kulipa. Mwekezaji anatoa pesa leo, na hisa zake zinahesabiwa siku mwekezaji mkubwa atakapokuja na kupanga bei. Kinachowekwa ni kikomo cha thamani, yaani bei ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kuhesabu hisa zake. Mkiweka kikomo cha milioni 20 kwa hesabu ya baada ya pesa, milioni tatu zake zitakuwa asilimia 15, kabla ya kuzimuliwa na huyo mkubwa. Faida yake ni kwamba hamgombani kuhusu bei leo wakati hakuna anayeijua. Hatari yake ni kwamba watu huzisaini kama tiketi za matatu, moja leo, nyingine mwezi ujao, na siku ya hesabu mwanzilishi anashtuka. Andika kila moja. Na kwa kuwa iliandikwa kwa sheria za Marekani, mpe wakili wa hapa aisome kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Nirudi kwa ule mfuko. Kwa nini "mapema"?

CR12 ni sababu moja. Nyingine ni ngumu zaidi na haina dawa ya wakili. Mfuko wa aina hiyo haukai na pesa zake wenyewe. Unakusanya kutoka kwa matajiri, mashirika na mifuko ya pensheni, kisha unaahidi kuzirudisha zikiwa zimezaa, kwa kawaida ndani ya miaka kama kumi. Unaweka kwenye kampuni ishirini au thelathini. Nyingi zitakufa, chache zitarudisha pesa zilizoingia, na moja au mbili lazima zilipie zote. Kwa hiyo kila anapokuja mtu, hawaulizi kama biashara ni nzuri. Wanauliza kama inaweza kuwa ile moja: ikizaa mara mia, itafika wapi? Duka la jumla linaloingiza faida kila mwezi kwa miaka thelathini litamsomesha mwenyewe na wajukuu, na mfuko utalipita bila kugeuka.

Sasa tazama barafu yako kwa macho hayo. Friza moja, maboksi 20. Ukitaka maboksi 600 unahitaji friza 30, na banda la kuziweka, na stima ya kuziendesha, na KPLC ikizima unahitaji jenereta. Kila boksi jipya linataka pesa mpya. Mwenye programu ya simu, mteja wake wa elfu kumi humgharimu karibu bure. Mfuko uliangalia ukaona chuma na plastiki vimevaa nguo za apu. Pia walikuuliza ukubwa wa soko, na nadhani uliwatajia ziwa. Sehemu ya Kenya ya Ziwa Victoria ni kama asilimia 6 tu ya maji yale; zilizobaki ni za Uganda na Tanzania. Mtu akisema ziwa, mwekezaji anawaza Mwanza na Entebbe, na anataka kusikia utavukaje mpaka.

Na kuna upepo wa wakati. Hadi mapema 2022 riba Marekani ilikuwa karibu sifuri, pesa zilikuwa zinatafuta pa kulala, na kampuni za Kenya zilipata mamilioni ya dola kwa kuonyesha ukuaji tu. Kuanzia Machi 2022 riba ikapanda, bomba likafungwa. Kune, iliyokuwa ikipika na kusambaza chakula Nairobi, ikafunga Juni 2022 baada ya kuchangisha dola milioni moja. Sendy ya usafirishaji ikafunga 2023. Copia, iliyokuwa inapeleka bidhaa vijijini, ikawekwa chini ya msimamizi Mei 2024. Watu waliochomwa hapo ndio unaokaa nao mezani leo. Zamani waliuliza umekua kwa asilimia ngapi. Sasa wanaanza na kila boksi linaacha ngapi. Pesa kubwa kule Marekani nazo zimekimbilia akili bandia, kiasi kwamba utashawishika kuiweka kwenye slaidi zako. Usiiweke. Barafu haihitaji akili bandia, na watajua.

Basi tuhesabu boksi. Elfu 50 kugawa kwa maboksi 60 ni kama shilingi 830 kwa boksi kwa mwezi. Siku 26, shilingi 32 kati ya kila 150. Nimeangalia orodha yako ya matumizi: stima, banda, vijana, mkokoteni. Mshahara wako uko wapi? Ukijilipa hata 30,000, zinabaki 20,000, na boksi linaacha shilingi 13 kwa siku. Hiyo ndiyo biashara yako halisi. Si mbaya! Inasimama kwa miguu yake, jambo ambalo kampuni nyingi zilizopigiwa makofi jukwaani hazikuwahi kufanya. Lakini fika mezani ukiwa umeihesabu mwenyewe, kwa sababu mwekezaji ataihesabu akiwa bado anakutabasamia.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye wale 140. Futa ile slaidi leo. Mwekezaji akivutiwa ataomba stetimenti ya tili, ya miezi yote, na huko kuna malipo ya kila siku kwa saa na dakika. Akiilinganisha na apu, ataona wazi kwamba oda nyingi hazikupitia humo. Uongo wa 140 utamfanya ashuku hata 234,000, ambazo ni za kweli. Na kinachonisikitisha ni kwamba umeficha kitu kizuri kwa kitu kibaya.

Kitu kizuri ni daftari. Lifungue kwenye ukurasa wa Machi mwaka jana. Andika majina ya akina mama waliochukua boksi mwezi ule. Kisha nenda Aprili, Mei, hadi wiki iliyopita, na kila jina liwekee alama kila mwezi liliporudi. Fanya hivyo pia kwa walioanza Juni, na walioanza Septemba. Ukimaliza utakuwa na jedwali ambalo halina slaidi inayolishinda. Ikiwa walianza akina mama ishirini na kumi na tano bado wanakuja, una kitu ambacho wateja hawataki kukiacha, na huo ndio ushahidi ambao mwekezaji wa mapema huutafuta kuliko wote. Ikiwa wamebaki wanne, jua hilo kabla yake. Na aliyeacha, mfuate umuulize. Mmoja atakwambia barafu huyeyuka kabla hajafika Ahero. Mwingine atakwambia 150 ni nyingi siku samaki ni wachache. Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama kuna kampuni kubwa iliyojificha humo ndani: labda akina mama wanataka kulipa kwa wiki, labda wanataka bei za soko la Kibuye kabla hawajapanda mkokoteni, labda mwenye hoteli Milimani anataka kununua moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Mimi sijui. Daftari linajua.

Wakati huo friza ya nne isingoje mwekezaji. Friza na maboksi 20 yanaacha kama 16,600 kwa mwezi kabla hujajilipa. Mkopo wa sacco wa 200,000, riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 24, unalipa kama 9,400 kwa mwezi. Friza inajilipa. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo kama hujaanza kuweka, anza. Pesa za mwekezaji ni ghali kuliko mkopo, maana hazilipwi zikaisha. Zitumie kujaribu lile ambalo sacco haitalikopesha kwa sababu huenda lisifanye kazi.

Ruzuku nazo zipo, na usizidharau. M-Pesa yenyewe, kabla ya kuzinduliwa 2007, ilijaribiwa kwa msaada wa serikali ya Uingereza wa karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaongeza zake. Tony Elumelu Foundation hutoa dola 5,000 zisizorudishwa kwa wajasiriamali wa Afrika. Hapo Kisumu pitia kituo cha wabunifu cha LakeHub, ukae na wenzako waliokwisha kukataliwa. Utajifunza zaidi kwao kuliko kwangu. Anayetaka umtumie ada ya kushughulikia maombi kabla hajakupa kitu, mzime simu.

Mzee mwandikie leo. Mshukuru, mwambie una nia, kwamba unarekebisha daftari la wanahisa na utampa jibu tarehe 15 mwezi ujao, na kwamba utazungumza kati ya asilimia 15 na 20. Akisema ofa inakufa mwisho wa mwezi, iache ife. Milioni tatu ni kama dola 23,000, zipo kwingine.

Kisha nenda kwa shangazi kabla hujaenda kwa binamu. Huyo ndiye atakayekaa katikati yenu kwenye matanga na harusi kwa miaka thelathini ijayo, na ameshasikia upande mmoja. Usibebe wakili. Beba samaki mzuri, na sukari, na daftari. Mfungulie ukurasa wa Oktoba, mwonyeshe mwandiko ni wa nani kuanzia hapo.